Nahodha aliyeanguka mtihani: uchambuzi wa kisa kutoka gati la Lamu

Mwanafunzi wa kisa hiki ni nahodha wa Kizingitini, mtu wa miaka hamsini kasoro, anayebeba abiria na mizigo kati ya kisiwa cha Pate na mji wa Lamu. Jina lake naliacha kwa kuwa mwenyewe ameomba hivyo. Mara ya kwanza alipofanya mtihani wa koksweni, yaani cheti cha kuendesha boti ndogo, alianguka. Chumba hicho hicho, siku hiyo hiyo, alipita kijana aliyemaliza kidato cha nne ambaye hata baada ya kupata cheti tajiri wake, yaani mwenye boti, hakumwachia boti usiku.

Nafundisha elimu ya watu wazima, ile ambayo Kenya nzima huiita ngumbaru. Nimekichukua kisa hiki kwa sababu yaliyompata nahodha huyu huwapata pia maseremala wa Matondoni, mafundi wa chokaa wa mji wa kale na mekanika wa boti kila kozi ya ufundi inapoletwa visiwani. Watu wanaojua kazi huketishwa kama wasiojua lolote, wakafundishwa wanayoyajua, wakapimwa kwa wasiyoyajua, kisha ripoti ikaandikwa kwamba hawafundishiki.

Kwanza niseme wazi kwamba sheria ya vyeti siipingi. Kenya ina Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, iliyowekewa sheria yake mwaka 2006, na tangu mwaka 2009 ipo Sheria ya Vyombo vya Majini inayotaka boti ya abiria ikaguliwe, iwe na leseni, na aliye kwenye usukani awe na cheti. Lamu tumezika watu wengi mno waliozama kwa boti iliyojazwa kupita kiasi au isiyo na jaketi za kutosha. Cheti chenye maana huokoa roho. Wasiwasi wangu uko kwenye namna ya kumfikisha mtu kwenye cheti hicho.

Na haja yenyewe imekua. Bandari ya Lamu ilipoanza kazi kule Kililana tarehe 20 Mei 2021, meli kubwa ziliingia kwenye maji ambayo zamani yalikuwa ya mashua na mitumbwi. Njia ya meli imechimbwa kufikia kina cha mita 17.5, na kila gati lina urefu wa mita 400. Wavuvi walishalalamika mapema juu ya kupoteza sehemu zao za kuvulia, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, uamuzi uliofuatwa na mivutano mirefu. Wakati huo wote watu walikuwa wanatafuta pa kushika. Nahodha wetu alikuwa mvuvi. Aliuza nyavu, akaingia kwenye kubeba abiria, na kubeba abiria ndiko kunakodai cheti.

Kozi ya kwanza

Kozi ililetwa na mfadhili ambaye simtaji, kwa nia njema na kwa bajeti isiyo ndogo. Ilifanyika Januari. Mtu yeyote wa pwani akisikia Januari anajua kosa liko wapi. Ni katikati ya kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, bahari imetulia, samaki wako, wageni wako, na kila boti ina kazi asubuhi mpaka jioni. Kusi, upepo wa kusini, ikishika, kuanzia Mei hivi, mawimbi hupanda na manahodha wengi hukaa gatini wakishona matanga na kupiga soga. Waliopanga kozi walifuata kalenda ya mwaka wao wa fedha. Basi nahodha akawa anaketi darasani huku moyo uko kwenye boti, na siku nyingine hakwenda kabisa.

Mafunzo yalitolewa kwa Kiingereza, kwa picha za kurushwa ukutani. Siku za mwanzo zilikwenda zote kwenye kupwa na kujaa kwa maji. Mkufunzi kutoka nje alimweleza mtu wa Kizingitini kwamba mwezi huvuta bahari. Mtihani ukawa wa maswali ya kuchagua jibu, kwa Kiingereza, kwenye karatasi. Nahodha alijaza machache akaliacha lililobaki tupu. Nilipomuuliza baadaye alisema, "Mwalimu, bahari naiyua. Hiyo karatasi ndiyo siiyui."

Alichokuwa nacho

Sehemu hii ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, na naamini ndiyo inayorukwa katika mafunzo mengi ya watu wazima: kukaa na mtu ukajua ana nini kabla hujamwongezea kitu.

Nilimuuliza: tarehe ishirini ya mwezi mwandamo, maji yatajaa saa ngapi? Hakutazama simu wala kitabu. Alisema siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri kama saa kumi. Kila siku husogea mbele chini kidogo ya saa nzima. Kutoka kumi na tano mpaka ishirini ni siku tano, kwa hiyo yatajaa usiku, saa mbili na kitu, na kupwa kabisa kutakuwa kama saa nane mchana. "Sasa mwenye mzigo mzito asipite Mkanda saa nane," akamalizia. Mkanda ni ile njia nyembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na kina chake hutegemea maji. Chukua kalamu upige hesabu mwenyewe: dakika hamsini mara tano ni saa nne na dakika kumi. Hesabu yake ilikuwa sawa, na aliifanya kichwani huku anakunja kamba.

Alijua pia kuhesabu mwaka wa Nairuzi, ule wa mabaharia, kwa miongo: kila mwongo siku kumi, miongo thelathini na sita, na siku tano za kutimiza mwaka. Kwa hesabu hiyo wazee walijua pepo zitageuka lini na safari zifungwe lini. Kozi iliyodai kumfundisha "hesabu za msingi" haikujua kwamba anayo hesabu ya kalenda mbili, ya mwezi na ya jua, na anazitumia zote kazini.

Kisha lipo la kusoma. Kwenye fomu ya kujiandikisha, pale palipoulizwa kama anajua kusoma na kuandika, mtu alimwekea alama ya hapana. Nahodha huyu ana daftari la mashine ya boti: lini mafuta yalibadilishwa, plagi gani ilikufa, abiria gani anadaiwa nauli. Limeandikwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa mwandiko uliokaa sawa. Alisoma madrasa mpaka akawa kijana. Lamu imeandika Kiswahili kwa herufi hizo karne nyingi kabla ya shule za serikali kuja, na bado tunamwita mtu kama huyu asiyejua kusoma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 ulisema asilimia 61.5 ya watu wazima nchini ndio waliofikia kiwango cha chini kinachotakiwa cha kusoma na kuandika. Kila ninapoisoma takwimu hiyo nawafikiria watu wa aina yake, waliokaa upande mbaya wa hesabu kwa sababu ya umbo la herufi.

Kwa mwalimu hili lina faida kubwa. Mtu asiyejua herufi yoyote huanza na fumbo lenyewe, kwamba alama kwenye karatasi hubeba sauti. Nahodha alishalifumbua akiwa mtoto. Kilichobaki ni kumpa alama nyingine za sauti zile zile.

Alichokuwa hana

Huruma isitufanye tuseme uongo. Yapo mambo ambayo nahodha hakuyajua, na kutokuyajua kungeweza kuua.

La kwanza ni taa. Usiku yeye huongozwa na mwezi, nyota na taa za mji, na kwa vyombo vidogo anavyovijua hilo limemtosha. Lakini kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zimeweka taa nyekundu upande wa kushoto wa chombo na ya kijani upande wa kulia. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, chombo kinakuja usoni kwako. Ukiona nyekundu tu, kinakatiza kuelekea kushoto kwako, na mwenye kuona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepaswa kumpisha. Hakuna aliyewahi kumwambia.

La pili ni meli kubwa. Alidhani meli itamwona na kumkwepa, kama boti inavyokwepa mtumbwi. Kanuni inasema chombo kisichofika urefu wa mita 20 kisizuie njia ya chombo ambacho hakiwezi kupita salama ila ndani ya mkondo mwembamba. Meli ya makasha haina breki. Ikizima mashine bado huteleza mbali sana kabla ya kusimama, na aliye juu haoni kilicho chini ya omo, yaani sehemu ya mbele ya meli. Jambo hili lilimkalia kimya kwa muda, kisha akauliza maswali mengi kuliko darasa zima.

La tatu ni moto. Kwake moto huzimwa kwa maji, na maji yako tele. Petroli inayowaka ukiimwagia maji huelea juu yake na kuusambaza moto.

La nne lilinitisha zaidi. Nilimuuliza mtu aliyezama akitolewa majini hapumui, atafanya nini. Alisema atamlaza kifudifudi juu ya ubavu wa boti na kumkamua tumbo maji yatoke. Wengi pwani wanaamini hivyo. Muda unaopotea kwa kukamua tumbo ndio uhai wenyewe. Anachohitaji mtu yule ni pumzi na kubonyezwa kifua, mara 30 kwa pumzi 2, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka msaada ufike.

La tano ni redio. Alikuwa na simu tu. Nyuma ya Manda na kule kwenye miamba ya Kiwayuu mtandao si wa kutegemea.

Ukiyapanga mambo haya matano pamoja unaona kozi yake inapaswa kuwa ndogo kuliko ile ya kwanza. Nusu ya muda wa mfadhili ilikwenda kwenye maji, pepo, nanga, kamba na miamba, mambo ambayo mkufunzi ndiye aliyefaa kuwa mwanafunzi. Yale yenye kuua yalibanwa mwishoni, yakapitiwa kwa picha chache.

Darasa la kusi

Kusi ilipoanza tukafungua darasa dogo, baada ya swala ya alasiri, kwenye baraza ya nyumba moja karibu na ufuo. Ijumaa hakukuwa na kitu. Waliokuja ni manahodha na mabaharia wao, kwa sababu siku nahodha akizimia, baharia ndiye atakayehitaji kujua.

Taa tulifundisha kwa vifuniko vya chupa, chekundu na cha kijani, vilivyofungwa kwenye vijiboti vya mbao vya kuchezea watoto. Taa ya nyumba inazimwa, mtu anasogeza kijiboti chini ya mwanga wa tochi, wengine wanasema kinaelekea wapi na nani ampishe nani. Jioni ya kwanza nahodha alikosea kwa sababu alitazama kijiboti kizima. Tulipofunika mwili wake kwa kitambaa zikabaki rangi tu, akaanza kusema haraka: "Anakuja usoni. Huyu anakwenda kushoto, nampisha. Huyu amenipa mgongo." Mabaharia vijana wakamfuata. Mchezo huo ulirudiwa mpaka hakuna aliyefikiri tena kabla ya kujibu, na huko kujibu bila kufikiri ndiko nilikokuwa nakutafuta. Usiku wa mvua baharini hakuna nafasi ya kukumbuka somo.

Kwa redio tulitumia kile ambacho madrasa ilishawapa: kuhifadhi. Wito wa dhiki kwenye chaneli 16 una mpangilio mmoja ulimwenguni kote. Unasema Mayday mara tatu, jina la chombo, uko wapi, umepatwa na nini, watu wangapi, unataka msaada gani. Maneno hayo machache yanahitaji Kiingereza, kwa kuwa anayesikia anaweza kuwa meli ya Kikorea. Watu waliohifadhi juzuu nzima za Kurani hawakushindwa na mistari sita. Waliisoma kwa mahadhi, mmoja akianza na wengine wakipokea. Nasisitiza hapa kwa sababu nimewasikia wakufunzi wakidharau kuhifadhi kama elimu ya zamani. Kwa dharura hakuna njia bora.

Herufi za Kilatini zilikuja pembeni, kupitia maneno ya kazini tu: majina ya sehemu za mashine, maandishi kwenye kizima moto, tarehe ya mwisho ya fataki za ishara, idadi ya abiria iliyoandikwa ubavuni mwa boti. Kabla ya kusi kwisha nahodha alikuwa akisoma vibandiko hivyo mwenyewe, polepole, kwa sauti.

Kifua kilibonyezwa juu ya mto mgumu. Kuna aliyecheka mwanzoni. Nahodha alimnyamazisha: kaka yake alifia maji, akakamuliwa tumbo.

Nani alipe

Kenya inao mfuko wa mafunzo kazini. Mwajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, na akiwapeleka watu wake kusoma anaweza kurudishiwa gharama. Mpango mzuri, na umewafaa wa hoteli na viwanda. Lakini nahodha wa Pate hana mwajiri wa aina hiyo. Boti ni ya tajiri, na mapato hugawanywa: kwanza hutolewa mafuta, halafu fungu la boti, la nahodha na la mabaharia. Hakuna orodha ya mishahara, hakuna wa kukatwa hamsini, kwa hiyo hakuna wa kurudishiwa. Sehemu kubwa ya wafanyakazi wa Lamu wako hivyo hivyo: wavuvi, wakata mikoko, mafundi, wenye punda.

Suluhisho lilitoka kwao wenyewe, na nalisifu. Tajiri mmoja alikubali mafunzo yatolewe juu, kabla ya mgao, kama mafuta yanavyotolewa. Kwa namna hiyo kila mmoja amelipa kidogo na hakuna aliyemlipia mwenzake. Matajiri wawili wengine walikataa. Walisema nahodha akishapata cheti atahamia boti za hoteli, na siwezi kusema hofu hiyo haina msingi. Nahodha mwenye cheti huitwa na wengi. Jibu langu kwao lilikuwa kwamba boti isiyo na nahodha mwenye cheti inaweza kuzuiwa gatini, na boti iliyofungwa haina fungu la kugawa.

Mtihani wa pili

Safari hii mtahini alikubali kumsomea maswali kwa Kiswahili na kupokea majibu kwa mdomo, kisha akatoka naye majini. Nahodha alipita. Alikosa maswali mawili ya taa, nami nimeyarudia naye tangu hapo. Kati ya wenzake wapo walioanguka, hasa kwenye moto na huduma ya kwanza, na walistahili kuanguka. Watarudi kusi ijayo.

Watu walisema kapendelewa. Tuliangalie hilo kwa makini, kwa kuwa mambo mengi yananing'inia hapo. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kutahiniwa kwa lugha rasmi ya nchi yako si upendeleo. Mtahini alifanya kwa hiari yake kitu ambacho kingepaswa kuwa kawaida, na akihamishwa kesho, atakayekuja anaweza kukikataa. Hilo ndilo ninalotaka libadilike. Serikali mwaka 2024 ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, chini ya mamlaka ya sifa za kitaifa iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Maneno ya sera hiyo yanamhusu nahodha wetu moja kwa moja: apimwe alichonacho, kwa vitendo, kisha afundishwe kilichopungua. Vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo Katiba imeviweka mikononi mwa kaunti, vinaweza kuwa mahali pa kufanyia upimaji huo, ili mtu wa Faza au Kiunga asilazimike kwenda Mombasa kuthibitisha anayoyafanya kila siku.

Yule kijana wa kidato cha nne naye simsahau. Alipita karatasi, na kanuni za taa anazijua kuliko nahodha. Anachokosa ni bahari yenyewe. Kwa sasa yumo kwenye boti ya nahodha huyu kama baharia, jambo lililopangwa na baba yake, na wakisafiri usiku yeye husoma taa na nahodha husoma maji. Mfumo wetu wa mafunzo haujui kumwandikia yeyote kati yao alama kwa kazi hiyo. Kwenye kozi ijayo nimependekeza kila mwenye cheti kipya asiye na uzoefu apewe kipindi cha kusafiri chini ya nahodha mkongwe kabla ya kubeba abiria, na mkongwe huyo alipwe kama mkufunzi, kwa kiwango kile kile alicholipwa yule aliyekuja na picha za ukutani.